Miguu Iliyorudi Kushona

Mlinzi wa mlango wa wodi ya wagonjwa mahututi alikuwa na meza ndogo, na juu ya meza hiyo kila mgeni aliweka kikapu chake kikaguliwe. Mke wa fundi cherehani aliweka chake mchana ule kama kawaida. Mlinzi akatoa chupa ya uji, akaifungua, akainusa, akaifunga, akasema mgonjwa halishwi kwa mdomo, uji utabaki hapa. Akatoa kitambaa cha kufutia uso, akakikung'uta. Akatoa utepe wa kupimia nguo, ule wa njano wenye namba zilizofutika, akauliza huu wa nini.

"Ni wake," mke wa fundi akasema. "Nataka nimwekee chini ya mto auhisi."

"Chini ya mto haturuhusu kitu, mama. Shuka litakunjamana."

Walipokuwa wakisemezana, mlango ulifunguka kwa ndani, na nguvu za mapaja ya dereva wa lori aliyelazwa kitanda cha pembeni zikatoka, zikapita kati yao. Nguvu hazionekani kwa macho, lakini zikipita unajua: sakafu inalia, na upepo wenye joto unakugusa magotini. Hizi zilikwenda kwa uzito, kama mtu aliyezoea kukanyaga breki kwenye mteremko. Mlinzi akavuta kiti chake nyuma kidogo zipate nafasi. Hakukagua kitu. Kazi yake ilikuwa kuangalia kinachoingia.

"Zinatoka hivyo kila siku?" mke wa fundi akauliza.

"Kila siku. Wakishalazwa ule usingizi mzito. Kutoka zinatoka, mama. Kurudi ndiyo shughuli."

Akamrudishia kitambaa cha uso, na utepe akamwambia abaki nao mkononi.

Ndani kulikuwa kimya. Juu ya sinki la kunawia kulikuwa na ngao ya shaba iliyosema wodi ile ndiyo tulivu kuliko wodi zote za hospitali, na ngao hiyo ilisuguliwa ikang'aa. Sista mkuu wa wodi hakuwa mtu mbaya. Aliwajua wagonjwa wake wote kwa kazi zao na kwa watoto wao. Yeye na wenzake waliwageuza ubavu wasipate vidonda, waliwasafisha vinywa, waliwalinda na homa. Hilo walilifanya vizuri, tusiwasingizie. Lakini wakishamgeuza mtu, shuka lilivutwa likanyooka kama karatasi, magoti yakanyooshwa, na hapo ndipo huduma ya miguu ilipokwisha. Mgonjwa mzuri katika wodi ile alikuwa yule ambaye ukiondoka na kurudi unamkuta kama ulivyomwacha.

Fundi alikuwa na nimonia ya mapafu yote mawili. Mashine ilikuwa ikimpumulia, na kimashine kingine kidogo kando ya kitanda kilikuwa kikimsukumia dawa ya usingizi. Mkewe alimfuta uso, akamsomea dua sikioni, kisha akaketi. Ndipo akaona shuka linacheza upande wa miguu. Mguu wa kulia ulikuwa ukienda kisigino, vidole, kisigino, vidole, halafu kituo kifupi, halafu unaendelea.

"Sista! Njoo uone. Anashona!"

Sista mkuu akaja bila kukimbia, maana mle ndani hawakimbii. "Anahangaika, mama. Usimsemeshe sana."

"Hahangaiki. Huo ni mguu wa cherehani, naujua kuliko sauti yake. Anapinda suruali. Hapo anaposimama, anageuza kona."

"Akiamkaamka hivi anaweza kung'oa mipira ya kupumulia. Tunamlinda."

Akabonyeza kitufe cha kimashine. Mguu ulimaliza kona yake, ukaenda taratibu, ukatulia. Kisha godoro likainuka kidogo, kama linavyoinuka mtu anapoondoka kitandani. Visigino viwili vikagusa sakafu. Mke wa fundi akavisikia vikipita nyuma ya kiti chake, kisigino cha kulia kikitangulia, vikaenda mpaka mlangoni. Akamtazama mumewe. Alikuwa palepale, amenyooka, na shuka halikuwa na mkunjo hata mmoja. Sista mkuu akalipigapiga kwa kiganja, akaridhika.

Alipofika nyumbani alisikia cherehani kabla hajafungua mlango. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka: meza ya kukatia, benchi la wateja, na cherehani ya miguu iliyokuwa na mkanda wa ngozi. Kanyagio lilikuwa likipanda na kushuka lenyewe, gurudumu likizunguka, na binti yao ameketi kwenye kigoda cha baba yake, miguu ameikunja pembeni, mikono yake ikiongoza kitambaa chini ya sindano.

"Baba amekuja kabla yako," binti akasema. "Pitia huku, mama, huko utamkanyaga."

Kwenye benchi alikuwapo jirani mmoja, mwanamke aliyeleta kitambaa cha gauni tangu zamani.

"Mimi huyu mtu simwelewi," jirani akasema. "Akiwa mzima gauni langu kalichelewesha mpaka harusi ikapita. Leo yuko mahututi ndiyo analimaliza!"

Binti akacheka. Mke wa fundi hakucheka. Alikuwa akiwaza kilichobaki kule kitandani.

Alikiona siku zilizofuata. Kila mchana alipokwenda, mume alikuwa amepungua, na alipungua miguuni kwanza. Mapaja yale yaliyokanyaga cherehani tangu ujana yalikuwa yakishuka kama mto wa pamba uliotobolewa. Siku moja alizungusha viganja vyake juu ya goti, na vidole vikakutana bila kujitahidi. Akaachia haraka, kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake.

Akaomba kimoyomoyo. Ee Mungu, wewe uliyeliumba goti ukalipa mkunjo, hukuliumba liwe ufito. Hawa wanaoliona halikunjwi na wakaridhika, uwafumbue macho, na mimi unizuie ulimi.

Nyumbani cherehani ilikimbia kila alasiri. Oda zilikwisha, na wateja wakaanza kusifu kazi.

Katika ujia wa nje ya wodi kulikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa nailoni nyeupe na kufungwa utepe mwekundu wa hariri. Wafanyakazi walikiita Bibi Harusi, kwa kuwa kilivaa shela na kilikuwa kikingoja siku yake. Mke wa fundi alipita hapo na kuona kitu kinazunguka ndani ya nailoni. Alisimama. Karibu yake alikuwa amesimama mwanamke kijana mwenye viatu vya raba, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye hospitali nzima ilimwita Mnyooshaji.

"Shikamoo mama. Usiogope, ni dereva wa lori huyo. Akitoka huwa anakaa kidogo hapo."

"Marahaba mwanangu. Siogopi. Nauliza hiki ni nini."

"Ni baiskeli ya kitandani. Inafungwa mbele ya miguu ya mgonjwa akiwa amelala, inamkanyagisha. Akianza kuamka, anasaidiana nayo. Akipata nafuu, anaisukuma mwenyewe."

Mke wa fundi akaitazama baiskeli, akautazama mlango wa wodi. Vilikuwa karibu sana, mtu angeweza kurusha kofia kutoka hapa ikafika pale.

"Kwa hiyo miguu ya mume wangu ingeweza kubaki?"

Mnyooshaji akashusha sauti. "Siwezi kukuahidi muujiza. Ugonjwa mkali wenyewe unakula nyama ya mtu. Lakini mtu akilazwa bila kusogezwa, misuli inakwisha upesi mno. Ukimpunguzia dawa ya usingizi kila asubuhi, kama hali inaruhusu, unaona anaweza nini. Asipoweza kitu, mimi namkunja na kumnyoosha. Akiweza kidogo, namketisha. Chakula cha kwenye mpira kinapimwa, kisipungue. Wengi wanatoka na miguu yao namna hiyo. Si wote."

"Basi kwa nini baiskeli haiingii?"

"Haijazinduliwa."

"Haijafanyiwa nini?"

"Kuzinduliwa, mama. Mgeni rasmi hajapata nafasi. Ikitumika kabla ya kuzinduliwa, itakuwa si mpya siku hiyo."

Pedeli zilizunguka ndani ya nailoni, zikasimama, na joto likapita magotini mwao likielekea mlango wa nje.

"Na mikono yako?" mke wa fundi akauliza. "Nayo inangoja mgeni rasmi?"

Mnyooshaji akatazama raba zake. "Mimi mle ndani siingii mpaka niitwe. Na siitwi, mama. Nikiwakunja wagonjwa, wanakunja mashuka."

Siku iliyofuata mke wa fundi alikwenda kwa daktari mkuu. Alikuwa mtu wa heshima, akamkaribisha kiti, akamwambia habari njema kwanza: mapafu yanafunguka.

"Namshukuru Mungu, nanyi awabariki," mke wa fundi akasema. "Na miguu?"

"Mama, kazi yetu hapa ni kuokoa uhai. Miguu haiui mtu."

"Fundi cherehani, inamuua, daktari. Pole pole, akiwa nyumbani, ambako nyinyi hamuoni."

Daktari mkuu akatabasamu kwa huruma, akasema mambo ya mazoezi yatafuata baadaye, mgonjwa akishapona. Mke wa fundi akamtajia baiskeli. Daktari mkuu akakunja uso, akasema ndiyo, ameletewa malalamiko kwamba inazunguka yenyewe. Mchana huohuo alimtuma mtu wa stoo na kamba ya katani. Mtu wa stoo akapenyeza mkono chini ya nailoni, akafunga pedeli zote mbili kwa mafundo ya nguvu, ili baiskeli isije ikachakaa kabla ya siku yake. Nguvu za dereva wa lori zilipotoka zikaketi, zikasukuma, zikashindwa, zikaondoka. Hazikusimama tena pale.

Mke wa fundi alipoona kamba ile aliamua jambo. Nyumbani alichomoa mkanda wa ngozi kwenye gurudumu la cherehani, akaukunja, akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Alasiri miguu ikafika, ikakanyaga. Kanyagio likaenda, gurudumu la juu halikuenda, sindano haikushuka. Miguu ikakanyaga tena, ikasimama.

"Hapa kazi hakuna leo," akaiambia. "Twende kwako."

Wakaondoka pamoja, yeye mbele, miguu nyuma yake kwa ule mwendo wake wa kisigino cha kulia kutangulia. Mbwa mmoja aliwafuata kidogo akinusa, akaacha. Walifika saa ya kutazama wagonjwa ikiwa haijakwisha. Mlinzi akakagua kikapu, kisha akanyoosha mkono.

"Mgeni mmoja kwa mgonjwa mmoja."

"Niko mmoja, kaka."

"Na huyo nyuma yako?"

"Huyu si mgeni. Ni mwenyewe."

"Mwenyewe yuko ndani amelala, mama. Usinitafutie lawama. Aingie mmoja."

Mke wa fundi hakubishana. Alisogea kando. "Basi aingie huyo. Mimi nitasimama hapa kwenye kioo."

Mlinzi akasogeza kiti. Miguu ikaingia. Kupitia kioo cha mlango mke wa fundi aliona godoro linadidimia, kisha magoti mawili yanapanda chini ya shuka kama hema. Yakashuka. Yakapanda, moja baada ya jingine, sawasawa. Fundi alikuwa akikanyaga. Rangi ilimrudia usoni. Alifumbua macho nusu, akageuza shingo kuelekea mlangoni, na mkewe akainua utepe wa njano juu ya kichwa chake auone.

Shuka likakunjamana. Sista mkuu akatokea na msaidizi wake, mmoja akashika magoti, mwingine akabonyeza kitufe. Magoti yakashuka. Macho yakafumba. Wakavuta shuka, wakalinyoosha, wakalichomeka pembeni. Na miguu ikatoka tena mlangoni, kabla mlinzi hajarudisha kiti chake mahali pake. Ilisimama kidogo mbele ya mke wa fundi, kama mtu aliyefukuzwa kazi asiyejua atasema nini nyumbani.

Sista mkuu akaja mlangoni akijifuta mikono. "Alitusumbua kidogo, lakini sasa ametulia."

"Umemfukuza mtu mwilini mwake," mke wa fundi akasema.

"Mama, namlinda mumeo kama baba yangu."

Na ilikuwa kweli. Mke wa fundi aliona ni kweli, na hasira yake ikakosa pa kukaa, ikabidi aibebe mwenyewe mpaka nyumbani. Akaurudisha mkanda kwenye gurudumu. Heri ishone kuliko kuzurura.

Mungu akajalia mapafu yakapona. Fundi akatolewa mashine, akapunguziwa dawa, akaamka kabisa. Wodi nzima ilifurahi, na sista mkuu alilia machozi ya kweli. Fundi alitaka kujifuta machozi yake naye, mkono ukaishia kifuani. Alitaka kuinua kichwa amsalimu mkewe, kichwa kikabaki kwenye mto. Ndipo Mnyooshaji akaitwa. Alikunja goti lile, akalinyoosha, akalikunja, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeletwa kuzima moto baada ya nyumba kuwa majivu.

"Zile za zamani zimeshazoea nje," akamwambia mke wa fundi pembeni. "Itabidi atengeneze nyingine. Kidogo kidogo. Huenda zikatosha kufika mlangoni. Za kukanyaga kutwa nzima, sijui."

Walimruhusu. Hospitali ilisema amepona.

Alirudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu, wakamsogeza mbele ya cherehani yake. Kanyagio lilikuwa likienda. Fundi akasikiliza kwa muda, kichwa amekiinamisha upande, kama anavyosikiliza fundi kazi ya fundi mwingine.

"Nani huyo?"

"Ni wewe, baba watoto," mkewe akasema.

Akasikiliza tena. "Ana mguu mzuri. Mwajirini."

Binti akainua miguu ya baba yake, akaiweka juu ya kanyagio. Ilipanda na kushuka pamoja nalo kama vifurushi viwili juu ya punda. Nguvu zilikuwa chini yake, zinaisukuma, hazikuitambua. Alipotaka kusimama aende kujisaidia, alianguka kati ya meza na benchi, na wanawake wawili wakamwinua. Alikuwa mwepesi, ndilo lililowaumiza. Mkewe alimfunika goti lililochubuka kwa kitambaa kile cha uso.

Halafu siku ya Bibi Harusi ikafika. Fundi alialikwa akae mstari wa mbele, kama mtu aliyepona. Mgeni rasmi alikata utepe mwekundu, nailoni ikavuliwa, watu wakapiga makofi, na mpiga picha akaomba ukatwe tena. Kamba ya katani ilikuwa bado kwenye pedeli, wakaificha kwa maua. Mgeni rasmi akainama kwa fundi, akamuuliza anajisikiaje.

"Vizuri," fundi akasema. "Miguu yangu iko nyumbani inashona."

Mgeni rasmi akamshika bega, akasema huo ndio moyo tunaoutaka.

Wiki haikupita, sista mkuu akaja dukani mwenyewe, na kitambaa cheupe kizito mkononi. Alitaka kifuniko cha baiskeli, maana nailoni ilichanika siku ya sherehe, na chombo kizuri namna ile hakiwezi kuachwa kipate vumbi.

"Tukasema kazi hii tumpe fundi wetu," akasema kwa upendo.

"Inatumika, hiyo baiskeli?" mke wa fundi akauliza.

"Itatumika, mama. Kwanza wodi ikarabatiwe. Ukiiingiza sasa itatuharibia mpangilio."

Mke wa fundi alimtazama mumewe. Fundi akapokea kitambaa, akapitisha chaki. Binti akakiongoza kwa mikono, na miguu ikakanyaga pindo refu bila kujua inashona nini. Kilipokwisha, mke wa fundi akachukua mkasi mkubwa wa kukatia makoti. Akapima kwa utepe wa njano, akakata matundu mawili chini, pale pedeli zinapokaa, kila moja la kupitisha mguu wa mtu mzima. Fundi akaona, akayapinda kingo yasifumuke.

Kesho yake alasiri sista mkuu alisimama tena mlangoni, kifuniko amekikunja vizuri kifuani.

"Fundi, pole, nafikiri kuna kosa. Kuna matundu mawili. Tunaomba uyazibe, tena mapema, kesho tunakaguliwa."

Nyuma yake nguvu za miguu ya mtu mwingine zilikuwa zinataka kupita. Zilikuwa nyepesi, za msichana labda, zilitoka wodini mchana huo na hazikujua kwingine kwa kwenda. Sista mkuu akajisogeza pembeni zipite, bila kuangalia, kwa mazoea. Zikaingia, zikatafuta pa kukaa. Benchini zilikuwapo tayari za dereva wa lori, ambaye alizikwa mwanzoni mwa mwezi. Mke wa fundi akaondoa vitambaa, akazipangusia mahali.

Sista mkuu akaweka kifuniko juu ya meza ya kukatia, matundu yakitazama juu. Chini ya cherehani, kisigino cha kulia kilikuwa kimesimama.

"Mwambie," fundi akamwambia mkewe, huku akitunga uzi kwenye sindano, "kazi hii itachelewa."